Mmekwenda Kumwona Nani?

Kwa miaka tisa kitanda chetu hakikuwahi kupoa. Baba Salma aliamka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi niliingia humo saa tatu, watoto wakishakwenda shule, nikakuta upande wake bado umebonyea. Niliamka saa tisa alasiri, nikapika, nikasimamia kazi za shule. Saa kumi na mbili na nusu jioni yeye aliingia na koti lake la udereva, tukala wote wanne. Saa mbili nilijilaza tena kidogo, na saa nne na nusu usiku nikawasha gari. Nilikuwa mhudumu wa usiku katika nyumba ya kulelea wazee nje kidogo ya Minneapolis. Yeye anaendesha basi la jiji mchana. Kwa siku tulikuwa na saa moja na nusu ya kuonana, na saa moja na nusu hiyo ilikuwa ya watoto.

Mambo hayo tuliyapanga wenyewe. Mwaka 2015 mtoto wetu wa pili, Idi, alikuwa na miaka mitatu, na kituo cha kulelea watoto kilitaka karibu nusu ya mshahara wangu. Zamu ya usiku ililipa dola 2 na senti 50 zaidi kwa saa. Saa 40 kwa wiki, dola 100. Dola hizo 100 zilikuwa na wenyewe: ada ya mdogo wangu wa mwisho kule Muheza, dawa za kisukari za mama mkwe kule Pangani, na tangu mwaka juzi, bati la nyumba yake, ambalo tulikuwa tukilinunua vipande vitatu vitatu kama mtu anavyonunua sukari ya kupima. Kwa hiyo tulipokezana watoto mlangoni, kama makuli wanavyopokezana magunia, na hatukulalamika. Wengi tunaofahamiana nao wanaishi hivyo.

Machi 2024 daktari aliniambia presha yangu imepanda na haitaki kushuka. Akauliza nimefanya kazi usiku kwa muda gani. Nilipomjibu aliacha kuandika. Alisema dawa atanipa, lakini kama naweza, nirudi mchana.

Nilirudi nyumbani na habari hiyo, na kilichonishtua si presha. Nilihesabu dola 100 za kila wiki, nikaona zitatoka wapi na nani atakosa. Hilo lilikuwa zito, lakini lilihesabika. Jambo la pili sikuweza kulihesabu: nikirudi mchana, mimi na mume wangu tutalala kitanda kimoja kwa saa zilezile, tutaamka pamoja, na jioni watoto wakienda vyumbani kwao tutabaki wawili sebuleni. Tulikuwa tumetimiza miaka 20 ya ndoa, tisa kati yake tukiwa wapangaji wa chumba kimoja kwa zamu. Sikuwa na hakika kama bado tunafahamiana.

Nadhani naye alilifikiria, ingawa hakulisema. Alichosema, jioni moja ya Mei, ni kwamba siku zake za likizo zimelimbikizana na tiketi za Costa Rica mwezi wa Septemba ni nafuu kwa sababu ya mvua.

"Tukafanye nini huko?" nikamuuliza.

"Tukalale."

Nilimtazama.

"Tulale," akarudia. "Wote. Usiku."

*

Katika familia zetu mtu hasafiri hivihivi. Safari ina mwenyeji. Unakwenda kwa shangazi, kwenye arusi, kwenye msiba, kumwona mgonjwa, kumfuata mtoto aliyejifungua. Hata anayekwenda Dar es Salaam kununua vifaa vya duka ataulizwa amefikia kwa nani, na akisema amefikia gesti, watu watamhurumia. Likizo zetu zote tangu tuhamie Marekani, kila baada ya miaka mitatu, zilikuwa za kwenda Tanga, na huko hatukuwa mke na mume hata kidogo. Yeye alilala Pangani chumba cha uani na kaka zake, mimi nililala na mama mkwe na wajukuu, na wiki ya mwisho nilikwenda kwetu Muheza peke yangu. Nilirudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka, na nilifurahi. Hivyo ndivyo safari inavyotakiwa kuwa.

Basi Baba Salma alipompigia mama yake kumwarifu, mama alianza kwa kuitikia kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo nyote?"

Akaeleza. Nchi iko wapi, tutakaa siku ngapi, watoto tutawaacha kwa dada mmoja wa Mombasa anayekaa mtaa wa pili. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa:

"Na mmekwenda kumwona nani huko?"

Hatukuwa tumekwenda bado, lakini kwake neno likishasemwa ni kama limetendeka. Mume wangu alisema, "Hakuna mtu, mama. Tunakwenda kupumzika." Upande wa pili kukawa kimya. "Haya," akasema, "Mungu awafikishe." Nilijua, na yeye alijua, kwamba mama alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya bati.

*

San José tulilala usiku mmoja tu. Dereva aliyetutoa uwanja wa ndege alitafuta gesti yetu kwa maelekezo ya aina ninayoyafahamu: mita 200 kusini mwa kanisa, mita 50 mashariki, nyumba ya geti la kijani. Nchini Costa Rica anwani hutolewa hivyo, na mita 100 maana yake ni jengo moja mpaka kona ya pili, hata kama ni 80 au 120. Dereva alituambia kwamba mtaa wa San Pedro watu bado wanaelekezana kwa mtini wa zamani ambao haupo tena. Baba Salma alifurahi mno. Nani kwetu hajateremka kituo cha mwembe usiokuwepo, au kumwelekeza mgeni kwa duka lililofungwa zamani?

Kilichonigusa zaidi ni giza. Saa kumi na moja na nusu jioni jua lilianza kuzama, na saa kumi na mbili ilikuwa saa kumi na mbili kweli. Minnesota saa za Kiswahili hazina maana: Juni jua linazama saa tatu usiku, Desemba linazama saa kumi na nusu, na watoto wetu wamekata tamaa ya kuelewa kwa nini mama yao anasema saa moja wakati simu inaonyesha saba. Costa Rica iko nyuzi kumi tu kaskazini mwa Ikweta. Mchana na usiku wanagawana sawa, kama ndugu waliolelewa vizuri. Nilisimama dirishani nikasema, "Saa moja," na ilikuwa saa moja, giza limeingia, na mwili wangu ukakumbuka kitu.

Lakini sikulala. Saa nane usiku macho yalikuwa makavu kama ya bundi. Mwili uliofunzwa miaka tisa hauwezi kufundishwa upya kwa tiketi ya ndege. Nililala chali nikimsikiliza mume wangu akipumua. Anakoroma kidogo, halafu ananyamaza, halafu anavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeletewa habari. Nilikuwa nimesahau. Kazini nasikiliza pumzi za wazee 22 kila usiku, najua nani ana mafua kabla ya muuguzi, na pumzi za huyu sikuzijua.

*

Asubuhi tuliteremka kuelekea Bahari ya Karibi. Barabara inapita ndani ya msitu wa hifadhi ya Braulio Carrillo, ukungu umekaa barabarani, na kandokando kuna mmea wenye majani mapana kuliko ungo, ambao wenyeji wanauita mwavuli wa maskini. Kisha milima inaisha ghafla na joto linakupokea. Baada ya mji wa Cariari ni migomba, maili kwa maili, kila mkungu umevishwa mfuko wa plastiki wa buluu kama mgonjwa aliyevaa gauni la hospitali. Mimi nimekulia kwenye migomba na michungwa. Sikuwahi kuona ndizi zikiwa na watumishi wengi namna hiyo na bado zikaonekana pweke.

Tortuguero hakuna barabara. Mnaacha gari La Pavona na kupanda boti, inapita kwenye mto uliojaa michanga na magogo, zaidi ya saa moja, mpaka kwenye ukanda mwembamba wa mchanga wenye bahari upande mmoja na mfereji upande wa pili. Jina lake linatokana na kasa. Watu wamewavua kasa pale kwa vizazi. Tangu miaka ya 1950 mtaalamu wa Kimarekani Archie Carr akaanza kuwachunguza, na mwaka 1975 ufuko ukalindwa kwa sheria kuwa hifadhi ya taifa. Leo kijiji kinaishi kwa wageni wanaokuja kuwatazama kasa wakitaga, kuanzia Julai mpaka Oktoba.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Haikuwa na ugomvi wala nini, ilikuwa tupu. Tulikaa kwenye baraza la gesti, mvua inanyesha, na tukagundua kwamba mazungumzo yetu yote yalikuwa ya makabidhiano. Salma ana mtihani. Gari linavuja mafuta. Umetuma ile ya dawa? Nimetuma. Tulipoyamaliza hayo, ambayo yalichukua kama robo saa, hatukuwa na neno. Yeye alitazama simu. Mimi nilisinzia kitini, maana ilikuwa saa tano asubuhi, saa yangu ya usingizi. Nilipoamka saa tisa alikuwa amekwenda kijijini na kurudi, amekula, amefahamiana na muuza madafu. Usiku yeye akalala saa tatu, nami nikabaki macho. Tumevuka nchi tano kwa ndege, nikawaza, na zamu tumekuja nazo.

*

Usiku wa pili tulikwenda kuwatazama kasa. Sheria ni kali. Huendi bila kiongozi mwenye leseni, huvai nguo nyeupe, hubebi simu wala kamera wala tochi. Kundi letu lilikuwa la saa nne mpaka saa sita. Tulingoja kwenye njia nyuma ya miti, watu wanane tusiofahamiana, mwezi mchanga unazama nyuma yetu. Wapo wenyeji wanaotembea ufukweni gizani kutafuta kasa aliyekwisha kuanza kutaga, maana kabla ya hapo akishtuka hurudi majini. Wakimpata ndipo kiongozi anawaita wageni.

Baba Salma aliogopa giza. Sikuwa nikijua jambo hili. Mtu aliyezaliwa Pangani, anayeendesha basi la tani nyingi kwenye barafu, alishika ncha ya mtandio wangu na hakuiachia. Mimi nilitembea kama niko kazini. Macho yangu yalizoea upesi, miguu ikajua mahali pa kukanyaga, sauti ikashuka yenyewe mpaka ile ya korido ya saa tisa usiku, sauti isiyoamsha mtu. Nilimwambia, "Kulia kuna gogo. Sasa mchanga laini. Simama."

Kasa alikuwa mkubwa kama meza ya kahawa. Kiongozi alimulika kwa taa nyekundu, nyuma tu, tukaona mapezi ya nyuma yakichimba. Yalichimba kwa zamu, la kushoto likateka mchanga na kuuweka pembeni, la kulia likangoja, kisha likaingia. Shimo likawa refu kama mkono mzima. Halafu mayai yakaanza kudondoka, mawili, matatu, meupe, yenye utelezi. Kiongozi alisema huwa kama 100 na zaidi. Alisema pia kwamba machozi yake si ya uchungu, ni namna ya kutoa chumvi mwilini. Hilo nililikubali. Lakini pumzi yake niliijua. Alivuta, akakaa, akatoa kwa kishindo, na mimi, ambaye nimeshika mikono mingi usiku, nilijikuta napumua naye.

"Pole mama," nikasema kwa Kiswahili, taratibu. "Pole. Karibu unamaliza."

Baba Salma alinigeukia. Gizani sikuuona uso wake. Tuliporudi kwenye njia alisema, "Kumbe ndivyo unavyokuwa."

"Kuwa vipi?"

"Huko kazini. Usiku."

Hakusema zaidi. Miaka tisa alikuwa akiona gari langu likitoka na likirudi. Alijua saa ninazofanya na dola ninazoleta. Hakuwahi kunisikia nikimwambia mtu pole saa sita ya usiku.

Njiani alinihadithia kuhusu Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Pangani. Baba yake alikikuta kina mivinje na kasa wakija kutaga chini yake. Kisha miti ikaisha, bahari ikala mchanga, na leo ni fungu tu linaloonekana maji yakipwa. Baba yake alisema kwamba hata baada ya miti kuisha kasa waliendelea kuja, wanataga, na maji yakijaa yanayafunika mayai. "Nilipokuwa mdogo nilidhani ni wajinga," alisema. "Baadaye nikaona ni sisi. Mtu anarudi alikozoea tu."

*

Asubuhi yake ilikuwa zamu yangu ya kujifunza. Aliniamsha kabla ya alfajiri kwa mtumbwi wa saa kumi na moja na nusu. Ningekataa, lakini alikuwa amekuja usiku kwangu, na adabu ni kulipa ziara.

Sikujua kwamba mume wangu huimba asubuhi. Si kwa sauti. Anaimbia puani, nyimbo za taarabu za utotoni, akiwa anafunga kamba za viatu. Sikujua kwamba saa hiyo ana maneno mengi. Alimsalimia mpiga kasia, akataka kujua jina la kila ndege, akacheka peke yake. Kima wakubwa weusi waliponguruma msituni, mngurumo wa kutisha kama wa simba ndani ya pipa, mpiga kasia alisema wanaitwa *congos*, na Baba Salma alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. "Jirani zetu wamefika kabla yetu!" Jioni, ninapomwona mimi, mtu huyu huwa ameshatumika. Abiria wamemla maneno yote, namimi napewa ganda. Nilimtazama mgongo akiwa mbele yangu, jua linachomoza katikati ya michikichi, nikaona wivu wa kijinga kabisa. Niliwaonea wivu abiria wa basi la asubuhi.

*

Siku tano za mwisho tulikaa Cahuita, kusini zaidi, kijiji cha watu weusi wenye asili ya Jamaika. Jioni tuliyofika tuliingia kwenye mkahawa mdogo wenye meza nne. Mama mwenye mkahawa, wa makamo, aliinua kichwa akasema, "Wapin?"

"Pangani," Baba Salma akajibu papo hapo. "Tanga."

Ilibidi tueleweshane. *Wapin* ni salamu yao ya Kiingereza cha Limón, kuuliza kuna habari gani. Yeye alisikia *wapi*, akajibu kama mtu aliyelelewa vizuri anavyojibu. Yule mama alipoelewa alicheka, na tangu siku hiyo akamwita mume wangu Pangani.

Chakula chake kilinishinda nguvu. Wali umepikwa na maharage mekundu katika tui la nazi, na pilipili nzima, ya jamii ya pilipili mbuzi, imewekwa juu isipasuke, itoe harufu tu. Nilikula kijiko kimoja nikakiweka chini. Alikuja mbio akiuliza kama kuna tatizo. Nilimwambia hapana, hiki ni chakula cha kwetu. Akanijibu kwa upole lakini kwa uthabiti kwamba hapana, ni cha kwao. Tukakubaliana kuwa minazi haina habari na mabishano yetu.

Yeye ndiye aliyetuambia mambo ya pale. Wajamaika waliletwa Limón kuanzia mwaka 1872 kujenga reli ya kupeleka kahawa ya nyanda za juu bandarini. Mjenzi wake, Minor Keith, alipanda ndizi kandokando ya reli ili ijilipie, na ndizi zikawa biashara kuliko reli yenyewe. Wafanyakazi wengi walikufa kwa homa. Waliobaki walihamia mashamba ya ndizi, na mwaka 1934 serikali na kampuni ya ndizi wakakubaliana kwamba watu weusi wasiajiriwe kwenye mashamba mapya ya upande wa Pasifiki. Ilikuwa mpaka 1949, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na jeshi kuvunjwa, ndipo waliozaliwa pale walipopata uraia kwa ukamilifu. Babu yake alikuja kwa mkataba, akikusudia kurudi Jamaika na pesa ya kununua kiwanja.

"Alikuja kwa miaka mitatu," alisema, akionyesha kwa vidole. Kisha akageuza kiganja kuonyesha chumba, meza nne, yeye mwenyewe.

Babu yangu mzaa baba alifika Muheza kutoka Songea akiwa manamba, kukata mkonge. Naye alikuja kwa mkataba. Reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ilipita karibu na kambi yao, na hakuipanda kurudi. Sisi tulipokwenda Minnesota tulisema miaka mitano. Salma alikuwa na miaka minne. Sasa ana kumi na sita.

*

Tuligombana siku iliyofuata, ndani ya hifadhi ya Cahuita, pale ambapo kiingilio ni mchango unaoutoa mwenyewe. Njia inafuata ufuko, matumbawe upande mmoja, msitu upande wa pili. Tetemeko la Aprili 1991 liliuinua ufuko huu na sehemu ya matumbawe ikaachwa juu ya maji ikafa. Tulikuwa tumesimama kumtazama mnyama wanayemwita dubu mvivu, ananing'inia juu ya tawi kama gunia lililosahauliwa, anayeteremka chini mara moja hivi kwa wiki kujisaidia. Nilisema, "Huyo ndiye mimi, daktari akinisikia." Na hapo hapo nikasema nimeamua: Novemba naomba zamu ya mchana.

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Na bati?"

Nilimwambia bati haliko kwenye presha yangu. Alisema hakumaanisha hivyo. Nikamwambia alimaanisha, na ni haki yake, ni mama yake. Tulitembea karibu kilomita mbili mmoja mbele mmoja nyuma, sisimizi wakivuka njia na vipande vya majani vichwani, wao wakipishana bila neno baya. Mvua ilipoanza tuliingia chini ya mti mmoja, na pale akasema jambo alilokuwa nalo.

"Naogopa," alisema. "Nimezoea kulala peke yangu. Nimezoea nyumba ikiwa kimya. Ukirudi sijui kama nitakuwa mtu mzuri."

Lingeweza kuniumiza. Liliniumiza kidogo. Lakini zaidi lilikuwa kama mtu aliyenitua mzigo kichwani, akautazama na kusema, mimi nami ninao kama huu. Nilimwambia, "Mimi pia." Tukasimama. Mvua ya huko haina haraka.

*

Tarehe 14 Septemba, mkesha wa siku ya uhuru, watoto wa Costa Rica hutembea na taa walizozitengeneza wenyewe. Saa kumi na mbili jioni nchi nzima inaimba wimbo wa taifa, kisha taa zinatoka: nyumba za karatasi, mikokoteni ya boksi, kanisa lenye mshumaa ndani. Tulisimama kando ya barabara ya Cahuita na watoto wakapita. Nilikumbuka kwamba ulikuwa mwezi wa Mfungo Sita, na kwamba kesho yake usiku ni maulidi.

Ndiyo maana tulipiga simu. Ilikuwa saa tatu na nusu usiku kwetu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi Pangani, na mama mkwe alikuwa ameshaamka anachambua mchele wa pilau. Tulisikia ungo. Baba Salma aliweka simu katikati yetu kwenye baraza.

Wakasalimiana. Akauliza mvua, akauliza chakula. Mimi nikampa shikamoo, akaniitikia, akaniuliza presha, maana aliijua. Halafu, kwa kuwa ni mtu asiyeacha jambo njiani, akarudi palepale.

"Ehe. Na huko, mmemwona nani?"

Nilitazama chini. Mume wangu hakufikiri sana.

"Nimemwona Mama Salma," alisema.

Ungo ulinyamaza. Nikasikia jogoo wa Pangani, na mtoto anaitwa aoge. Nilidhani atacheka, au atasema ni utani gani huo. Mama mkwe aliolewa na mvuvi wa ngalawa aliyelala baharini na kushinda kitandani, kwa miaka 30 na zaidi. Hilo sikuwa nimelifikiria mpaka dakika ile.

"Hajambo?" akauliza.

"Hajambo, mama."

"Basi mmefanya vizuri," alisema, na ungo ukaanza tena.

*

Nilihamia zamu ya mchana tarehe 18 Novemba. Dola 100 za wiki hazikujazwa na kitu. Mdogo wangu alikuwa amebakiza muhula mmoja, tukaumaliza kwa mkopo wa kikoba. Dawa za mama hatukuzigusa. Bati ndilo lililosimama: chumba cha mbele kimeezekwa, cha uani bado ni makuti, na mama mkwe anasema makuti yana ubaridi kuliko bati, na mimi sijui kama anasema kweli au ananistahi. Presha imeshuka, si sana. Usiku bado naamka saa nane, nikikosa pumzi za wazee wangu 22, nasikiliza moja.

Tunagombana zaidi kuliko zamani. Zamani hatukuwa na muda. Mimi nataka dirisha liachwe wazi kidogo hata kwenye baridi, yeye analitaka lifungwe. Yeye asubuhi anaimba, na mimi saa hiyo sitaki kuimbiwa. Jumapili moja tulibishana mpaka Salma akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini.

"Dirisha," tukamwambia wote wawili.

Alitutazama kama watu waliopungukiwa, akarudi kulala.